Łódź 1907: Siku Rubinstein Alipomtoa Malkia

Desemba 1907 ilipoingia, mji wa Łódź ulikuwa umepita katika miaka miwili migumu. Mji huo wa viwanda vya nguo leo uko katikati ya Poland, lakini wakati ule ulikuwa sehemu ya dola ya Urusi. Sensa ya 1897 ilihesabu humo zaidi ya watu 300,000, wengi wao Wapoland, Wayahudi na Wajerumani, na juu yao maofisa wa Kirusi. Juni 1905 wafanyakazi waliweka vizuizi barabarani wakapambana na askari wa Tsar. Majira ya baridi yaliyofuatia mwaka 1906, wenye viwanda vikubwa walifunga milango yao, na maelfu ya watu wakakaa miezi kadhaa bila kazi wala mshahara.

Katika mji huo ndiko mashindano ya tano ya mabingwa wa sataranji wa Urusi yote yalikofanyika, kuanzia mwisho wa 1907 hadi mwanzo wa 1908. Mchezo mmoja wa mashindano hayo umebaki vinywani mwa wachezaji hadi leo. Uliisha katika hatua ya 25, na aliyeshinda alikuwa na kete nyeusi.

Aliyecheza nyeupe alikuwa Gersz Rotlewi, kijana wa miaka 18. Hakuwa mtu wa kubezwa. Miaka minne baadaye, katika mashindano makubwa ya Karlsbad ya 1911, alishika nafasi ya nne, nyuma ya Teichmann, Rubinstein na Schlechter tu. Upande wa pili wa ubao alikaa huyo Rubinstein mwenyewe, jina lake la kwanza Akiba.

Rubinstein alizaliwa Stawiski, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Poland ya leo, katika familia ya Kiyahudi yenye wasomi wa dini. Yeye naye alipelekwa yeshiva, shule ya kusomea Torati na Talmudi, ili aje kuwa mtu wa dini. Sataranji aliikuta akiwa tayari kijana, umri ambao mabingwa wengi huwa wamekwisha kuchosha ubao wa kwanza na kununua wa pili. Ilimteka mara moja. Vitabu vya dini vikawekwa kando, na kijana akahamia Łódź kwa sababu moja kubwa: huko aliishi Georg Salwe, mmoja wa wachezaji hodari wa dola nzima, naye Rubinstein alitaka kujipima naye. Alijipima mpaka akampita. Mwaka huo wa 1907, miezi michache kabla ya mashindano ya nyumbani, alikwenda Karlsbad kukutana na wachezaji 20 wengine, akarudi na alama 15 kati ya 20 na nafasi ya kwanza.

Ili kuelewa alichofanya Łódź, yafaa kwanza kukumbuka jambo ambalo kila mchezaji analijua, ingawa wengi hulisahau mchezo unapopamba moto. Katika sataranji mwenye kete nyeupe ndiye huanza. Hatua hiyo moja ni mtaji aliopewa bure. Akiutumia vizuri, mwenzake atashinda siku nzima akijihami. Akiuchezea, faida humhamia mpinzani, tena bila mlio wowote: hakuna kete iliyoliwa wala mfalme aliyetishwa.

Rotlewi alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya malkia hadi mraba wa d4, na Rubinstein akamjibu kwa d5. Katika hatua ya nne Rotlewi akaongeza askari wa c4 kumkabili yule wa d5. Huo ndio moyo wa Gambiti ya Malkia, ufunguzi uliokwisha kuandikwa katika karatasi za sataranji tangu mwisho wa karne ya 15. Umaarufu wake haujapungua. Alekhine alipomvua Capablanca taji la dunia huko Buenos Aires mwaka 1927, michezo 32 kati ya 34 waliyocheza ilipita njia hiyo. Mwaka 2020 tamthilia ya televisheni yenye jina la ufunguzi huu ililipeleka jina hilo hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa kete.

Rubinstein hakutulia nyuma ya ukuta. Naye alikwisha kumpeleka askari wake c5, njia iliyopigiwa debe na daktari wa Kijerumani Siegbert Tarrasch, aliyeamini kwamba mwenye kete nyeusi ana haki ya kupigania katikati ya ubao kama mwenzake. Kufikia hatua ya tano pande mbili zilikuwa sawasawa: kila mmoja ana askari watatu wakikabiliana katikati, na farasi wake wawili wametoka. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba zamu ni ya mwenye nyeupe.

Hapo ndipo mtaji ulipoanza kuvuja. Rotlewi alimla askari wa c5, na askofu mweusi akamla mlaji wake. Wote wawili wakasogeza askari wa pembeni, kisha yule mweupe wa b4 akamfukuza askofu mweusi, naye akarudi d6. Katika hatua ya kumi Rotlewi akampeleka malkia d2. Si kosa la kumfanya mtazamaji ashtuke. Alitaka kumwongezea shinikizo askari mweusi wa d5. Rubinstein alikuwa amekwisha kumficha mfalme wake ngomeni, akajibu kwa kumweka malkia e7, na askari wa d5 akamwachia Rotlewi amle akipenda. Lakini aliyetaka kumla ilimbidi aingize malkia katikati ya uwanja, huku mfalme wake bado hajajificha na kete nyeusi zikisubiri kumkimbiza. Rotlewi aliona mtego, akaacha.

Badala yake akamtoa askofu d3. Rubinstein akangoja askofu huyo atue, ndipo akamla askari wa c4. Sasa askofu alilazimika kupiga hatua nyingine kulipiza, na alipofika c4 askari mweusi wa b5 akamfukuza tena. Akarudi d3. Ngome nyeusi ikakaa d8, ikimwelekea malkia mweupe katika safu ileile, naye akaona pale d2 hapakaliki. Akahamia e2.

Mtu akihesabu hatua hizo kwa kidole, ataona mambo yalivyogeuka. Askofu mweupe alitumia hatua tatu kufika mraba ambao angeufikia kwa moja. Yule mweusi aliyekaa mahali panapolingana na hapo alitumia mbili. Malkia mweupe alitumia hatua mbili, mweusi moja. Mpangilio wa askari wa pande zote ulikuwa uleule, kama ulivyokuwa mwanzo. Lakini Rubinstein alikwisha kumficha mfalme wake na kuiweka ngome safu ya d, ilhali mfalme wa Rotlewi alikuwa bado amesimama palepale alipoanzia. Hatua mbili zilikuwa zimepotea. Hata tukimpa Rotlewi hatua yake ya kwanza na zamu iliyokuwa yake, bado alikuwa nyuma. Hakuna kete hata moja aliyopoteza bila kulipwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Rotlewi alimficha mfalme wake katika hatua ya 15, lakini ufa ulikwisha kupanuka. Rubinstein akamrusha farasi wake e5, farasi wakabadilishana, na askofu mweusi akabaki pale e5 akitazama moja kwa moja upande wa mfalme mweupe. Tishio lilikuwa hili: askofu angemla askari wa h2 na kumpa mfalme cheki, mfalme akimla, malkia mweusi angetua d6, akitoa cheki nyingine na papo hapo kumshika askofu wa d3.

Kuzuia hilo, Rotlewi alimsukuma askari wa f hadi f4, na askofu mweusi akarudi c7. Rotlewi akaona amepata nafasi ya kushambulia. Akamsukuma na askari wa e hadi e4, na hatua iliyofuata hadi e5, amfukuze farasi aliyemlinda mfalme mweusi. Kwa kijana wa miaka 18 ulikuwa mpango wa kuvutia. Lakini kila askari aliyekwenda mbele aliacha mlango wazi nyuma yake. Wale wawili ndio walioziba mshazari unaoelekea kwa mfalme wao, na sasa haukuwa na mlinzi. Rubinstein, ambaye katikati ya hayo alikuwa ametumia hatua moja tulivu kuileta ngome ya pili c8, akamweka askofu b6: cheki. Mfalme akasukumwa kona ya h1, na farasi aliyedhaniwa anafukuzwa akaruka mbele, siyo nyuma, hadi g4.

Sasa tazama jinsi kete nyeusi zilivyosimama. Askofu mmoja b7 na mwingine b6, maaskofu wawili kando kwa kando, kila mmoja akipiga mshazari wake mrefu hadi kwenye kona ya mfalme mweupe. Ngome c8 na d8, kando kwa kando pia, kila moja na safu yake iliyo wazi. Farasi g4. Malkia e7, tayari kuvuka kwenda h4. Hakuna kete iliyolala. Kila hatua aliyoipoteza Rotlewi mwanzoni ilikuwa imegeuka kuwa kete nyeusi iliyofika mahali pake kabla ya wakati.

Rotlewi angeweza kumla farasi wa g4 kwa malkia, lakini ngome ya d8 ingemla askofu wa d3 na kuingia ndani ya kambi yake. Kwa hiyo alimleta askofu huyo e4 kuziba njia ya askofu wa b7. Malkia mweusi akaenda h4, akitishia kumfunga mfalme kwa hatua moja, h2. Rotlewi akamsogeza askari g3. Mfalme ana kinga, malkia mweusi ameshikwa, na kwa mtazamaji wa kawaida shambulio lilikuwa limefika ukingoni.

Rubinstein hakumwondoa malkia. Aliichukua ngome ya c8 akamla farasi wa c3, mmoja wa walinzi wawili wa askofu wa e4.

Askofu mweupe wa b2 angeweza kuila ngome hiyo. Lakini hapo askofu wa b7 angemla yule wa e4 kwa cheki, malkia mweupe angelazimika kulipiza, na malkia mweusi angemfunga mfalme h2. Basi Rotlewi akamla malkia kwa askari wa g. Kete kubwa kuliko zote za Rubinstein ikaondoka ubaoni.

Jibu lilikuwa la ajabu zaidi. Ngome ya pili iliteremka kutoka d8 hadi d2, ikasimama uso kwa uso na malkia mweupe, mahali ambapo angeweza kuila bure. Simama hapo kidogo uhesabu. Mbali na mfalme na askari, Rubinstein alikuwa amebaki na kete tano. Ngome ya c3 ilikuwa mdomoni mwa askofu wa b2. Ngome ya d2 ilikuwa mdomoni mwa malkia. Farasi wa g4 naye alikuwa mdomoni mwa malkia. Askofu wa b7 alikuwa mdomoni mwa mwenzake wa e4. Nne kati ya tano zingeweza kuliwa hatua iliyofuata, na malkia wake alikwisha kuliwa. Lakini mwenye nyeupe ana hatua moja tu kwa zamu, na hapakuwa na hatua moja iliyotosha kuziba matundu yote.

Malkia mweupe alikuwa na kazi ya kumlinda askofu wa e4, naye alikuwa amepewa ngome imvute aiache kazi hiyo. Rotlewi aliila. Askofu wa b7 akamla yule wa e4 kwa cheki, na malkia akarudi mbio g2 kumkinga mfalme wake. Ndipo ngome iliyobaki ikapita kutoka c3 hadi h3, ikamwelekea askari wa h2. Malkia wa g2 hangeweza kuila, kwa kuwa akiondoka kwenye mshazari mfalme anabaki wazi kwa askofu wa e4. Akimla askofu huyo, ngome inaingia h2, farasi anailinda, askofu wa b6 amefunga g1, na mfalme hana pa kwenda. Kila njia nyingine ingeahirisha tu kushindwa. Rotlewi alikubali kushindwa. Ubaoni alikuwa na malkia, ngome mbili na askofu, dhidi ya ngome moja, maaskofu wawili na farasi.

Rubinstein alishinda mashindano hayo, na mchezo huu ukabandikwa jina la mchezo usiokufa wa Rubinstein. Waandishi wa sataranji wameuchapa mara nyingi mno, karibu kila mara wakianzia pale malkia alipoachwa aliwe. Ni haki yao, kwa kuwa hatua nne za mwisho zinampa msomaji raha asiyoisahau. Lakini zinamdanganya kidogo kuhusu mchezaji mwenyewe. Rubinstein hakuwa mtu wa fataki. Sifa iliyomfuata maisha yake yote ni ya utulivu, hasa mwisho wa mchezo, pale zinapobaki ngome na askari wachache na mshindi hupatikana kwa kunyonya faida ndogo mpaka itoshe. Aliyehesabu hatua za malkia na askofu wa Rotlewi katika hatua ya 14 ndiye yuleyule aliyeshinda michezo mirefu ya ngome kwa subira. Kafara ya Łódź ilikuwa malipo ya hesabu hiyo.

Kejeli ya historia ni kwamba ulinzi huo wa Tarrasch, uliompa ushindi wake maarufu kuliko wote, ulipata pigo kubwa kutoka kwake yeye mwenyewe. Akiwa na kete nyeupe, Rubinstein alikuwa miongoni mwa waliobuni njia ya kumsogeza askari wa g hatua moja na kumweka askofu g2, amwandame askari wa d5 kutoka mbali. Kwa njia hiyo alimshinda Capablanca huko San Sebastián mwaka 1911, katika mashindano ambayo Capablanca aliyashinda. Hadi leo mchezaji anayekutana na ulinzi huo hufundishwa kuanzia hapo.

Baada ya Łódź alipanda kwa kasi. Mwaka 1909 huko St. Petersburg aligawana nafasi ya kwanza na Emanuel Lasker, bingwa wa dunia, tena akamshinda walipokutana wao wawili. Mwaka 1912 alichukua au kugawana nafasi ya kwanza katika mashindano matano makubwa ndani ya mwaka mmoja. Wakati huo bingwa ndiye aliyechagua atakayempa nafasi ya kugombea taji, na fedha za dau zilipaswa kutafutwa na wadhamini. Mazungumzo ya pambano kati yake na Lasker yalifikia hatua ya kutajwa mwaka: 1914. Mapema mwaka huo Rubinstein alicheza vibaya St. Petersburg, akashindwa kuingia fainali. Agosti vita vikuu vikawaka. Pambano likafa, na nafasi hiyo haikurudi tena.

Mpinzani wake wa Łódź alipata muda mfupi zaidi mbele ya ubao. Baada ya nafasi ile ya nne ya Karlsbad, ugonjwa ulimtoa Rotlewi katika mashindano. Alifariki mwaka 1920, akiwa na miaka thelathini na kitu.

Rubinstein aliendelea, lakini ugonjwa wa akili ulikuwa ukimnyemelea. Alizidi kuwaogopa watu, na ilipokuwa zamu ya mpinzani alikuwa akiondoka mezani akakae mbali. Hata hivyo mwaka 1922 alishinda Vienna mbele ya Alekhine, na mwaka 1930 katika Olimpiadi ya Hamburg aliiongoza Poland kutwaa dhahabu, akishinda michezo 13 na kutoka sare 4 bila kushindwa hata mmoja. Miaka michache baadaye akaacha mashindano kabisa. Alikuwa amehamia Ubelgiji na mke wake Eugénie na watoto wao wawili wa kiume, na huko aliweza kunusurika utawala wa Wanazi, uliowaangamiza Wayahudi wa Łódź karibu wote. Mwaka 1950 shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilipotoa orodha yake ya kwanza ya magranmasta 27, jina lake lilikuwamo. Alifariki Antwerp mwaka 1961.

Lakini mchezo wa Łódź haukusahaulika. Januari 15, 2013, katika mashindano ya Wijk aan Zee nchini Uholanzi, Viswanathan Anand wa India, bingwa wa dunia wakati huo, alikaa na kete nyeusi mbele ya Levon Aronian wa Armenia. Ufunguzi ulitoka katika ukoo uleule wa Gambiti ya Malkia, ingawa kwa tawi lingine. Aronian alituma farasi kumla askari wa h7, karibu kabisa na mfalme mweusi. Anand hakumjali. Akamtuma farasi wake g4 na askofu c5, huku askofu mwingine akiwa b7, na katika hatua ya 16 akamweka farasi wa pili e5, mahali ambapo askari mweupe wa f4 angeweza kumla. Angemla, malkia mweusi angeingia d4 kwa cheki, kisha g1 kujitoa kafara, ngome ingelazimika kumla, na farasi wa g4 angemfunga mfalme kwa hatua moja ya f2, akiwa amezingirwa na kete zake mwenyewe. Aronian alikataa, akashindwa kwa hatua 23. Anand mwenyewe alipouzungumzia mchezo huo alitaja wa Rotlewi na Rubinstein.

Miaka 105 ilikuwa imepita, na mabingwa wa leo wana kompyuta zinazochambua mamilioni ya mikao kwa sekunde. Ufanano aliouona Anand uko katika vitu vilevile: maaskofu wawili wanaoikodolea macho kona moja, farasi wa g4, na mwenye nyeupe aliyetumia hatua zake kwingine mfalme wake alipozihitaji nyumbani. Kwa hiyo mwalimu anayewaonyesha wanafunzi mchezo wa Łódź angefanya vyema asianzie pale malkia anapoliwa. Aanzie hatua ya kumi, malkia mweupe anapokwenda d2, awaambie wahesabu. Wakifika ya 14 watakuwa wamekwisha kumjua mshindi, na kafara itakuja kama jambo lililostahili kutokea.